Siku Msitu Ulipopata Mwenyewe

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wapimaji wa Serikali walipita kwenye vilima vya Duru-Haitemba, wilayani Babati, wakiweka mpaka. Msitu ule wa miombo, wenye ukubwa wa hekta 9,000 hivi, ulikuwa njiani kutangazwa kuwa hifadhi ya Serikali. Sababu zilikuwepo. Mkaa ulikuwa ukichomwa, mbao zikipasuliwa, mashamba yakipanda kilima mwaka hadi mwaka. Kwa jinsi mambo yalivyoonekana ofisini, dawa ilikuwa moja tu: Serikali iutwae msitu, iweke walinzi, na atakayeonekana na shoka akamatwe.

Wananchi wa vijiji vinane vinavyopakana na msitu huo waliipokea habari kwa namna nyingine. Kwao vilima vile vilikuwa malisho ya kiangazi, vyanzo vya maji, kuni, dawa na nguzo za nyumba. Waliposikia kwamba vinachukuliwa, ukataji haukupungua, uliongezeka. Mtu mwenye haja ya nguzo tano ana sababu gani ya kuuacha mti wa sita, ikiwa mwakani akiugusa atapelekwa mahakamani? Msitu uliokuwa ukipungua polepole kwa sababu kila mtu aliutumia, sasa ukaanza kwenda haraka kwa sababu kila mtu alikuwa akiuaga.

Kilichofuata kimeingia kwenye historia ya misitu ya Tanzania. Baada ya malumbano ya muda mrefu, vijiji vilitoa hoja: tuachieni tuulinde wenyewe, kila kijiji upande wake. Maofisa misitu, wakisaidiwa na mradi uliofadhiliwa na Sweden na ushauri wa mtaalamu wa masuala ya ardhi Liz Alden Wily, wakakubali kujaribu. Mwaka 1994 na 1995, vijiji kama Ayasanda, Gidas, Duru na Riroda vilikaa mikutano, vikakubaliana mipaka na majirani zao, vikachagua kamati na walinzi, vikaandika sheria ndogo. Tanuri za mkaa zikaondoka. Maeneo yaliyochoka yakafungwa yapumzike. Walinzi walikuwa vijana wa palepale, wanaomjua kila anayeingia msituni na kila anayetoka, na mzigo aliobeba.

Jambo la kushangaza ni kwamba wakati huo hapakuwa na sheria ya misitu iliyompa mwanakijiji mamlaka ya namna hiyo. Babati walitumia kilichokuwepo, yaani sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, inayokiruhusu kijiji kutunga sheria ndogo. Sera ya Taifa ya Misitu iliyotambua utaratibu huo ilikuja mwaka 1998, na Sheria ya Misitu Namba 14 ikapitishwa mwaka 2002. Kwa hiyo wanakijiji walitangulia, na Bunge likawafuata nyuma.

Leo mwananchi yeyote anayetaka kuona pori la kijiji chake likiwa hifadhi kisheria anapita kwenye njia ambayo Babati waliifyeka. Njia hiyo imeandikwa. Lakini watu wengi hawaijui, na wengi zaidi hawajui hata swali la kwanza linaloanzisha safari yenyewe: ardhi hii ni ya nani?

Jibu la sheria ya Tanzania ni fupi. Ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi wote. Hakuna anayemiliki udongo wenyewe. Tunachomiliki ni haki ya kuutumia. Chini ya mwamvuli huo, sheria mbili za mwaka 1999, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zimeigawa ardhi katika mafungu matatu: ardhi ya jumla, ambayo sehemu kubwa ni ya mijini, ardhi ya vijiji, inayosimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, na ardhi ya hifadhi, yaani hifadhi za Taifa, mapori ya akiba, misitu ya hifadhi, hifadhi za bahari na maeneo mengine yaliyotengwa kwa sheria zake.

Neno "ya umma" limewaponza wengi. Masikioni mwa mtu mwenye msumeno, ardhi ya umma ni ardhi isiyo na mwenyewe. Akikuta pori halina kigingi wala kibao, hukata akijua hakuna atakayeuliza, na kama yupo atakayeuliza hatakuwa na karatasi ya kumwonyesha. Tathmini ya misitu ya nchi nzima iliyotolewa mwaka 2015 ilikuta Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu, na karibu nusu yake iko kwenye ardhi ya vijiji. Sehemu kubwa ya misitu hiyo ya vijiji haijatangazwa kuwa hifadhi ya aina yoyote. Hapo ndipo mkaa wa mijini unapotoka, na ndipo mashamba mapya yanapoanzia.

Kuigeuza ardhi kuwa hifadhi kuna milango miwili. Mmoja unafunguliwa kutoka juu, mwingine kutoka chini.

Mlango wa juu ndio unaojulikana zaidi. Rais, kwa ridhaa ya Bunge, anaweza kutangaza eneo kuwa Hifadhi ya Taifa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2019, eneo la kilomita za mraba 30,893 lilipomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous na kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Miti ilikuwa ileile na tembo walewale, ila hadhi ilibadilika, na pamoja nayo shughuli zinazoruhusiwa: ndani ya pori la akiba uwindaji wa leseni unawezekana, ndani ya Hifadhi ya Taifa haupo. Siku moja mwindaji mwenye kibali alikuwa halali, siku nyingine si halali, na kilichobadilisha ni tangazo kwenye Gazeti la Serikali.

Gazeti hilo linastahili maelezo kidogo, maana si la kuuzwa vibandani. Ni chapisho rasmi ambamo matangazo ya kisheria hupewa namba na mwaka. Tangazo la kuanzisha hifadhi huwa na jedwali linaloeleza mpaka, kutoka alama moja hadi nyingine: mto fulani hadi unapokutana na barabara fulani, kisha kwa mstari ulionyooka hadi kilele cha kilima fulani, kisha kurudi pale ulipoanzia. Ni sentensi kavu zisizo na utamu wowote. Hata hivyo, kila nyumba iliyo upande huu wa mstari ni makazi, na kila nyumba iliyo upande wa pili ni uvamizi. Mto ukihama mkondo, au kilima kikiwa na majina mawili, ugomvi wa miaka thelathini umezaliwa.

Ardhi inayotakiwa ikiwa ni ya kijiji, sheria imeweka ngazi ambazo hazifai kurukwa. Waziri anatakiwa kutoa notisi kwenye Gazeti la Serikali na kuipeleka kwa Halmashauri ya Kijiji, ikieleza eneo liko wapi, ukubwa wake, mipaka yake na sababu za kulihamisha. Siku zisizopungua 90 zinatakiwa kupita. Eneo lisipozidi hekta 250, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, Waziri ndiye mwenye neno la mwisho, lakini ni lazima asikie mapendekezo ya mkutano huo. Na hakuna ardhi ya kijiji inayohamishwa kabla ya kukubaliana kuhusu fidia: ya aina gani, kiasi gani, italipwaje na lini.

Ngazi hizo zinaonekana kama usumbufu wa ofisi mpaka uone kinachotokea zinapokosekana, au zinapopandwa kwa karatasi tu bila watu. Mipaka ya hifadhi nyingi ilichorwa zamani, kabla ya vijiji kuandikishwa. Baadaye vijiji vikaandikishwa, vikapewa shule na zahanati, wakati mwingine palepale ndani ya mstari wa ramani ya zamani. Ofisi moja inasema hapa ni hifadhi, ofisi nyingine imekipa kijiji hichohicho namba ya usajili na kukipelekea masanduku ya kupigia kura. Januari 2019 Rais John Magufuli aliagiza vijiji vilivyo ndani ya maeneo ya hifadhi visiondolewe hadi suala lao litazamwe upya. Kamati ya mawaziri ikapita nchi nzima, na baadaye ikatangazwa kwamba vijiji 920 kati ya 975 vilivyokuwa na migogoro vitabaki vilipo.

Vijiji 975 si kosa la mkulima mmoja aliyekosea njia. Ni mistari iliyochorwa bila mtu wa kijijini kushika upande wa pili wa kamba.

Mlango wa pili ni ule wa Babati. Huu hauhitaji kuanzia Dodoma. Unaanzia chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji, kwa tangazo lililobandikwa mlangoni na mtendaji: siku fulani, saa fulani, wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea wafike, ajenda ni msitu.

Mkutano Mkuu wa Kijiji ndicho chombo chenye mamlaka ya juu kijijini, kuizidi hata Halmashauri ya Kijiji yenye wajumbe wasiozidi 25. Mkutano huchagua Kamati ya Maliasili. Kamati hiyo ndiyo inayobeba kazi yote inayofuata, na hapa mara nyingi ndipo hatima ya msitu inapoamuliwa bila watu kujua. Kamati ikijaa jamaa wa kiongozi mmoja, au ikimsahau mfugaji, mganga wa mitishamba na mama anayeokota kuni, itaandika sheria ambazo wengine watazivunja kwa moyo mweupe, kwa sababu hawakuwahi kuulizwa.

Kisha inakuja siku ya kupita mpaka. Wazee hutangulia, maana ndio wanaokumbuka mbuyu gani ulikuwa mwisho wa eneo la babu zao na korongo gani lilikuwa likigombaniwa na kijiji jirani. Nyuma yao wanafuata vijana wenye mapanga wakifyeka mkuza, mwingine na kopo la rangi nyekundu akipiga alama kwenye magome, na afisa misitu wa wilaya akiwa na kifaa cha GPS akisoma namba kwa sauti ili mwenzake aziandike daftarini. Wawakilishi wa kijiji jirani wanatakiwa kuwepo, watembee pamoja nao, na mwisho waweke sahihi. Pakitokea ubishi, msafara unasimama. Watu wanakaa kwenye kivuli, wanaongea, wanaondoka kwenda kumwita mzee mwingine aliyebaki nyumbani. Siku nzima inaweza kuishia kwenye nusu kilomita. Haraka ya hapo haina faida, kwa kuwa nusu kilomita hiyo ikiachwa na kinyongo itarudi baadaye na marungu.

Mpaka ukishapatikana, kamati na wataalamu huingia msituni kufanya tathmini: miti gani ipo, mingapi, minene kiasi gani. Kutokana na hesabu hiyo hutengenezwa mpango wa usimamizi, unaoeleza sehemu ipi imefungwa kabisa kwa ajili ya chanzo cha maji, ipi inaruhusiwa kuvunwa na kwa kiasi gani kwa mwaka, wapi mifugo inapita, wapi mizinga inatundikwa. Sheria ndogo hufuata, zikitaja makosa na faini. Vyote viwili vinarudi kwenye Mkutano Mkuu kupigiwa kura, kisha sheria ndogo zinapelekwa kwa Baraza la Madiwani kuidhinishwa, na msitu unaandikwa kwenye daftari la wilaya. Hapo kisheria unakuwa Msitu wa Hifadhi wa Ardhi ya Kijiji. Baada ya miaka mitatu ya usimamizi mzuri, kijiji kinaweza kuomba utangazwe pia kwenye Gazeti la Serikali, hatua inayoupa ulinzi mzito zaidi.

Karatasi moja katika safari hii inastahili kutazamwa kwa karibu. Ni muhtasari wa mkutano. Kwa kawaida ni karatasi za daftari la mistari, zimeandikwa kwa kalamu ya wino wa bluu, na mwisho wake kuna orodha ndefu ya majina na sahihi, nyingine zikiwa dole gumba la wino lililosambaa kidogo pembeni. Haina nakshi yoyote. Lakini pakitokea kesi, wakili wa mfanyabiashara wa magogo ataanzia hapo: je, akidi ilitimia? Tarehe iko wapi? Mwenyekiti na mtendaji walisaini? Kijiji kinaweza kupoteza haki yake kwa sababu tu muhtasari umeliwa na mchwa kwenye kabati la ofisi. Kijiji chenye busara hutengeneza nakala tatu, moja ikakaa wilayani.

Faida yake ni nini? Swali hili huulizwa katika kila mkutano, na aghalabu anayeuliza ni mtu mwenye watoto wa kulisha. Jibu liko Kilwa.

Misitu ya Kilwa ina mpingo, mti wa taifa wa Tanzania. Wachongaji wa Kimakonde wanaujua kwa weusi na ugumu wake, na watengenezaji wa ala za muziki wa Ulaya hawajapata mti wa kuushinda kwa klarineti na obo. Unakua polepole mno, kati ya miaka 70 na 100 hadi kufikia unene wa kuvunwa. Kwa muda mrefu mpingo ulitoka Kilwa kwa bei ya kutupa, na kijiji ulikokatwa kilibaki na visiki. Shirika la uhifadhi wa mpingo lenye makao yake Kilwa Masoko, linalofahamika kwa kifupi kama MCDI, liliamua kupita na vijiji katika safari yote: mkutano, mpaka, tathmini, mpango, sheria ndogo. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi vikaingia kwenye cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu kinachotolewa chini ya mfumo wa FSC, cha kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji.

Cheti ni sifa, lakini kilichobadilisha mfuko wa kijiji ni Sheria ya Misitu yenyewe. Mti ukivunwa kwenye pori ambalo kijiji hakijalitangaza, mrabaha unakwenda Serikalini na kijiji hupata makombo kama kinapata. Mti huohuo ukivunwa ndani ya msitu wa hifadhi wa kijiji uliosajiliwa, mapato ni ya kijiji. Kijiji ndicho kinachopanga bei, kinachotoa kibali na kinachopokea fedha. Gogo hugongwa nyundo yenye alama kabla ya kupakiwa, ili kila kizuizi cha barabarani kijue limetoka wapi. Katika vijiji vya Kilwa, fedha za magogo zimejenga madarasa, zahanati na visima. Mwananchi akichota maji kwenye kisima kilichochimbwa kwa fedha za mti, halazimiki kuhubiriwa kuhusu uhifadhi.

Isidhaniwe kwamba mambo huenda kwa mteremko. Msitu wa Angai, wilayani Liwale, wenye hekta karibu 140,000, ulianza safari hiyo miaka ya 1990 kwa msaada wa mradi wa Finland, ukiwa umegawanywa kwa vijiji 13. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kupata vyeti vya ardhi, mipango na usajili. Katikati ya safari vijiji vikagawanyika, vikapita 20, na kila kijiji kipya kikauliza kwa haki kabisa: na sehemu yetu ya msitu iko wapi? Hesabu zikaanza upya. Wilaya nyingi zina afisa misitu mmoja au wawili wenye pikipiki isiyo na mafuta, na kupima msitu mkubwa ni gharama ambayo kijiji chenyewe hakiimudu. Bila mradi wa kulipia, faili hulala. Huo ndio udhaifu mkubwa wa utaratibu huu, na ni aibu kwamba haki iliyoandikwa kwenye sheria ya nchi bado inasubiri mfadhili ili itekelezwe.

Kuna pia bei ya ufuta. Kusini mwa Tanzania, ufuta ukipanda bei, shoka hupata kazi, maana udongo wa msitu uliofyekwa karibuni huzaa vizuri kwa misimu michache. Mkutano unaopitisha hifadhi unatakiwa kuijua hesabu hiyo waziwazi na kuacha ardhi ya kutosha ya kulima. Ndiyo maana mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji, unaoonyesha mashamba, makazi, malisho na msitu kwenye ramani moja, hutangulia. Hifadhi iliyotengwa bila kumwachia mkulima pa kulima itaishi mpaka msimu wa kwanza wa njaa.

Kuweka hifadhi si jambo tulilofundishwa na wageni. Wasukuma wana ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate nyasi kiangazi kikikaza. Zilikuwa karibu kwisha hadi mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulipoamua kujenga juu ya desturi hiyo. Zaidi ya hekta 300,000 zikarudi kuwa na miti na nyasi. Pwani ya Kenya, Wamijikenda wametunza misitu ya kaya kwa karne nyingi kwa amri ya wazee: haikatwi miti, haichungwi mifugo, hauingii na viatu mahali pa ibada. Hata hivyo desturi peke yake ilishindwa kuwazuia wajenzi wa hoteli na wauza viwanja, na kuanzia mwaka 1992 Serikali ya Kenya ikaanza kuzitangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa. Mwaka 2008 baadhi yake zikaingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Mzee wa kaya alikuwa na amri, sasa ana amri na tangazo.

Baharini nako sheria imeingia. Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu mwaka 1994, na mwaka uliofuata Mafia ikapata hifadhi ya kwanza, yenye kilomita za mraba 822 ambamo wavuvi wanaishi na kuvua kwa masharti. Zanzibar, ambako ardhi si jambo la Muungano na sheria zake ni zake, kisiwa cha Chumbe kilitangazwa hifadhi mwaka huohuo wa 1994, na mwamba wake wa matumbawe haujavuliwa tangu hapo.

Je, tangazo likishatoka, kazi imekwisha? Karura inajibu.

Msitu wa Karura, Nairobi, ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932. Una hekta zipatazo 1,041, na umezungukwa na baadhi ya mitaa ghali kuliko yote jijini. Sheria ya misitu ya Kenya ya wakati huo ilimruhusu waziri kubadilisha mipaka ya msitu kwa notisi ya siku 28 tu kwenye gazeti la serikali. Katika miaka ya 1990, vipande vya Karura vikagawiwa kwa kampuni binafsi kimyakimya, na matingatinga yakaingia. Mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake wa shirika la Green Belt Movement wakaenda kupanda miche kwenye ardhi iliyofyekwa. Tarehe 8 Januari 1999 walishambuliwa na kundi la walinzi, na Maathai akapasuliwa kichwa. Picha zake zikaenea duniani, wanafunzi wa vyuo wakaingia barabarani, na ujenzi ukasimama. Mwaka 2004 alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Mwaka 2005 Kenya ikapata Sheria mpya ya Misitu, na ndani yake waziri hakuweza tena kuumega msitu peke yake bila azimio la Bunge.

Siku 28 zilikuwa kwenye maandishi kwa miongo kadhaa bila mtu kuziona. Watu waliamini Karura imelindwa kwa sababu ilishatangazwa, kumbe mlango wa kutokea ulikuwa mwepesi kuliko wa kuingilia. Ndiyo maana anayesoma tangazo la hifadhi anatakiwa asome na upande wa pili: nani anaweza kuifuta, kwa hatua zipi, na wananchi wanapewa siku ngapi za kupinga. Leo wakazi wa Nairobi wanatembea na kuendesha baiskeli ndani ya Karura, na chama cha marafiki wa msitu huo kinausimamia bega kwa bega na shirika la misitu la serikali.

Kwa msomaji anayeishi kijijini Tanzania, na kwa yule wa mjini mwenye kijiji anakorudi sikukuu, kuna maswali matatu ya kupeleka ofisi ya kijiji. Kijiji kina cheti cha ardhi? Msitu wetu umeandikwa kwenye daftari la wilaya? Muhtasari wa mkutano ulioupitisha uko wapi? Mtendaji anawajibika kuyajibu. Sheria inautaka Mkutano Mkuu wa Kijiji ukutane angalau kila baada ya miezi mitatu, na mwananchi yeyote mwenye miaka 18 ana haki ya kusimama na kuomba msitu uingizwe kwenye ajenda. Nendeni mkaombe, na mkitoka hakikisheni mmesaini.